Kicheko Mwache Hukohuko

Basi lilikuwa halijasimama sawasawa nilipoanza kupongezwa. Mama mmoja wa kiti cha mbele, ambaye safari nzima alikuwa amelala mdomo wazi, aliamka, akajifuta mate, akaniuliza nafikia kwa nani. Nikamtajia nyumba iliyo nyuma ya ukumbi wa mikutano, kwa yule mzee anayehama. Akajipiga kofi la paja.

"Kwa Kicheko! Mwanangu, una bahati. Utavunjika mbavu!"

Nimekaa katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili, na kama kuna jambo nimejifunza ni hili: mji unaokusifia mtu mmoja kabla hujashusha mzigo una uhaba mkubwa wa watu. Mchukuzi aliyenibebea sanduku alinisimulia jinsi Kicheko alivyomwambia bwana harusi mbele ya wakwe, "Kaa chini, unaziba feni." Muuza maji pale njia panda alinisimulia habari hiyohiyo, isipokuwa kwake yeye harusi ilikuwa ya binti wa shangazi yake. Fundi viatu aliyetuelekeza mtaa alianza, "Kuna siku kwenye harusi moja," nikamwambia, "Feni." Akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu, mkavu, mwenye mvi na miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alinitazama, akatazama miguu yangu.

"Viatu."

Nikavua.

"Choo kule. Maji ya kunywa yako kwenye mtungi. Dirisha la upande huu halifunguliwi." Kisha akarudi kupiga pasi shati lake, akaniacha nimesimama na sanduku langu mkononi.

Nilikuwa nimekuja kukodi nyumba yake, vyumba viwili na jiko, ili nimalize kazi ya tafsiri iliyokwisha kunishinda katika nchi mbili. Yeye angeondoka Jumapili. Mimi nilifika Alhamisi kwa sababu ratiba za mabasi hazijali mipango ya watu. Akanipa chumba cha mbele. Dirisha lisilofunguliwa ndilo lililoelekea ukumbini, nalo lilikuwa limezibwa kwa godoro kuukuu lililogongomewa misumari. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jekundu la kumetameta, limetuna mabega kama askari jela. Zaidi ya hapo kulikuwa na meza, viti viwili, kikombe kimoja. Kwa ajili yangu aliazima kikombe cha pili kwa jirani, na jirani alicheka sana alipoombwa.

Huyo ndiye mshereheshaji mkuu wa mji ule. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka la simu, kumbukumbu ya miaka ya ndoa ya watu wasiosalimiana nyumbani kwao: hakuna shughuli iliyokamilika bila yeye. Siku nzima ya kwanza sikumsikia akisema maneno yanayojaza kiganja. Siku ya pili asubuhi, tukinywa chai, nilimuuliza alianzaje kazi ile. Akanitazama kwa dharau, ambayo baadaye nilielewa kuwa ndiyo sura yake ya kawaida.

"Nilikuwa natafuta kitufe cha kupunguza sauti," alisema.

Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha sabuni. Mwenzake wa idara ya upakiaji alioa, na emsii aliyekodiwa hakutokea. Yeye alikuwa amesogea kwenye spika atafute namna ya kuinyamazisha, maana ilikuwa inamchoma masikio, watu wakamwona amesimama pale, wakamtwika maiki. Joto lilikuwa kali. Bwana harusi alikuwa amesimama mbele ya feni pekee iliyokuwa inazunguka.

"Nikamwambia akae chini, anaziba feni. Halafu nikamuuliza mjomba wake, zile sahani mbili alizoshika, ya pili ni ya nani."

"Wakacheka."

"Walianguka chini. Mimi sikuwa natania, bwana. Ile sahani ya pili ilikuwa yangu."

Kiwanda kilifungwa, harusi hazikufungwa. Wakaanza kumwita. Alipowaambia wageni wa heshima kwamba hotuba zao zinanuka usingizi, walimshangilia. Alipomwambia bibi harusi fulani kwamba atajuta, mama mzazi wa bibi harusi alimkumbatia. Kila alichokisema kwa uchungu wa moyo kilipokelewa kama zawadi. Ndipo wakambatiza Kicheko, na jina likamganda kama lami kwenye kisigino.

"Wanasema kufa kwa wengi harusi," aliniambia akimimina chai iliyobaki, yote kwenye kikombe chake. "Mimi harusi za wengi ndizo zilizoniua."

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, naye akanitazama nilivyocheka, akanyamaza mpaka alasiri. Kwa hiyo lile la msiba nililipata kwa shida, na nililipokea bila kuchezesha hata unyusi.

Mke wake alipofariki, mji mzima ulikuja kuzika. Ikafika zamu ya mfiwa kuwashukuru waombolezaji. Akasimama, akasema, "Sijui sasa nitakula na nani." Sauti ilianzia nyuma, kwa mtu mmoja, ikasogea mbele kama mvua inavyotembea juu ya mabati. Walikuwa wanacheka. Walijiziba midomo kwa leso, wakafichana nyuma ya mabega, lakini walicheka, kwa sababu aliyesema ni Kicheko na mdomo wa Kicheko kazi yake ni hiyo. Mtu mmoja tu ndiye aliyeinuka: shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke mnene, mfupi, fundi redio kwa kazi. Alikwenda akasimama mbele yake, akawapa waombolezaji mgongo, akakaa hivyo, kimya, mpaka wakaishiwa. Hakumwambia pole. Alisimama tu kama mlango uliofungwa.

Tangu mwezi ule shemeji ndiye akawa anakwenda naye kwenye shughuli, kusimamia mitambo. Wakawa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote wala kujadiliwa. Kicheko akizidiwa, alifunga kifungo cha chini cha koti. Shemeji, huku kwenye kona, alichomoa waya. Spika zilikoroma, zikafa. "Samahanini wapendwa, mitambo," alitangaza kwa mdomo mtupu, akaenda nyuma ya pazia, akakaa juu ya kreti la soda, akanywa maji. Ukumbini shemeji alifungua skrubu na kuifunga, akaifungua na kuifunga, ileile, uso umekunjwa kama daktari wa upasuaji. Wageni walimzomea. "Fundi gani wewe!" "Nenda ukauze nyanya!" Yeye aliendelea na skrubu yake, akingoja aone kupitia mwanya wa pazia kwamba mabega ya shemeji yake yameshuka. Ndipo alipochomeka waya.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa mji ule peke yao wangeweza kulifanya. Walimpenda Kicheko kiasi kwamba walimwonea huruma. Mtu mkubwa kama huyu, wakasema, kuhangaishwa na mitambo mibovu na fundi asiyejua kazi! Wakaunda kamati. Wakachanga. Wakanunua mitambo mipya, spika ndefu kama makabati, taa za kuzunguka, na fundi mpya ambaye fulana yake imeandikwa FUNDI mgongoni, huenda ili asijisahau. Shemeji walimpa birika wakamwambia asante, apumzike. Mitambo ile mipya, mwenyekiti wa kamati alipenda kusema, haijawahi kukatika hata sekunde.

"Hukuwaambia?" nilimuuliza.

"Niliwaambia. Niliitisha kikao. Nikawaambia, yule mama alikuwa anazima kwa makusudi, kwa sababu mimi nawachoka ninyi. Wakacheka mpaka mwenyekiti akapewa maji."

Shemeji alihamia mji mwingine, safari ya usiku mmoja kwa basi, akafungua karakana ya redio, feni na pasi. Ijumaa jioni simu ya mzee iliita. Aliiweka mezani, akafungua spika yake, akaendelea kukunja soksi.

"Uko?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Nipo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako ya njaa naijua."

Mzee akacheka pumzi moja ya puani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka. Kisha wakanyamaza. Nilidhani laini imekatika, nikanyoosha mkono niichukue simu, naye akainua kidole kunizuia. Kule upande wa pili kilisikika kitu cha chuma kikikwaruzwa, kikawekwa, kikachukuliwa tena. Yeye alikunja soksi. Yule alikwaruza chuma chake. Wakakaa hivyo muda mrefu, kila mtu na kazi yake, na mimi katikati yao nikijihisi kama mdoezi. Najua kusalimia kwa lugha tisa, nina marafiki wa kunipokea kila bandari na kila stesheni, na jioni ile nilijaribu kumkumbuka mmoja kati yao anayeijua sauti yangu ya njaa. Nikaona afadhali nikaoshe vikombe.

"Shemeji," yule mwanamke alisema mwishowe. "Chumba cha uani nimekipiga chokaa. Ila tuelewane. Njoo wewe. Kicheko mwache hukohuko. Hapa sina nafasi ya watu wawili."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeitikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Haya. Kula."

Jumamosi asubuhi kamati ilibisha hodi. Walikuja wawili. Mwenyekiti alikuwa na duka la samani, mtu wa tumbo na vicheko, anayekugusa bega kila baada ya neno la nne. Katibu alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu, amekumbatia simu yake kama kichanga.

"Kaka! Kesho ndiyo kesho!" mwenyekiti alisema.

"Kila siku ni hivyo."

Wakacheka. Katibu akanigeukia, "Umemsikia? Huyu mtu!"

"Tumepanga kila kitu, kaka. Mapambo tayari, chakula tayari, wazungumzaji tayari. Kitu kimoja tu kimetushinda."

"Akili?"

Mwenyekiti alishika ukuta. Alipopata pumzi alisema, "Emsii, kaka. Wa kuongoza shughuli ya kukuaga. Tumezunguka mji mzima. Yuko yule kijana wa redio, lakini jamani, ukilinganisha na..."

"Na nani?"

"Na wewe!"

 Mzee aliweka chini pasi aliyokuwa ananyooshea shati.

"Kwa hiyo mnataka niongoze shughuli ya kuniaga mimi."

"Ndiyo hivyo, kaka."

"Nisimame pale nijiage mwenyewe."

"Sasa nani mwingine anayekujua kuliko wewe mwenyewe?" katibu alisema, kwa upole wa kweli.

Mzee akanigeukia. "Mgeni, umetembea sana. Watu wa namna hii umewaona wapi?"

"Nimewaona wanaomchimbia mtu kaburi," nilisema. "Wanaomwomba achimbe mwenyewe ndiyo kwanza."

Wakanicheka hata mimi. Ndivyo ilivyo: ukikaa karibu na mtu anayechekwa, nawe unapata mgawo. "Sitaki," mzee alisema waziwazi, na mwenyekiti akamkumbatia akisema saa nane mchana bila kukosa.

Katibu alinivuta pembeni pale kizingitini. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa siri nzuri. "Wewe nyumba hii kaa upendavyo," alininong'oneza. "Hatuagi mtu kesho. Tumempatia nyumba nyingine, ubavuni mwa ukumbi, mlango kwa mlango. Ufunguo tutamkabidhi mbele ya watu wote. Atakataaje mbele ya watu wote? Mzee wa watu, aende akakae peke yake kwenye karakana ya mafeni, kweli jamani?"

Nilimwambia mzee mara tu walipotoka. Sijawahi kuwa mtunza siri mzuri, na siri za namna ile hazistahili kutunzwa. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti.

"Si uondoke leo?" nilimwambia. "Basi la jioni lipo."

"Watanifuata. Huwajui hawa. Mwalimu wa kwaya alihama kimyakimya, wakakodi basi wakamfuata na maputo, wakamrudisha. Watashuka pale kwa shemeji, wataimba mlangoni, watanipa maiki. Na nikishaishika..." Hakumalizia. "Nitakuwa nimempelekea yule aliyesema asipelekewe. Hapana. Lazima niwaambie usoni, wote, na waniamini. Mara moja tu. Baada ya hapo wanione mbaya, wanione nini, shauri yao."

"Basi waambie bila mzaha."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana maji.

"Mzaha gani? Mimi sijawahi kufanya mzaha."

Jumapili alipakia mkoba mmoja. Mashati, soksi zake zilizokunjwa, picha ya marehemu iliyofungwa ndani ya taulo. Nikamkumbusha koti jekundu. "Ukipata wageni wasiotaka kuondoka, livae," alisema, akatoka na shati lake jeupe la enzi za ghala, kola imechakaa, mkoba mkononi.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki vilivalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa vishada mgongoni, kama wagonjwa waliovikwa mashuka. Taa zilizunguka mchana kweupe. Alipoingia bila koti, makofi na vifijo: wakaona ni kituko kipya. Alipoweka mkoba chini ya meza ya mbele, mtu mmoja alipiga kelele, "Anahama na ukumbi!" wakacheka tena. Mimi waliniketisha mstari wa dirishani, katikati ya mama wawili wenye mikoba mikubwa, nikabanwa kama kitabu kwenye rafu.

Shughuli za kumuaga mtu huwa ni mashindano ya uongo, lakini ile ilizidi kipimo. Kinyozi alisimama akasema mzee hajawahi kumkasirikia mtu.

"Kaa chini," mzee alisema kwenye maiki. "Mwezi uliopita nilikufukuza nyumbani kwangu na ufagio."

Kicheko kikubwa. Kinyozi mwenyewe alicheka kuliko wote.

Mwenye duka la samani, kabla ya hotuba yake kuu, alisema tu kwa ufupi kwamba huyu ni mtu wa watu, hawezi kukaa peke yake hata dakika, kelele ndiyo chakula chake. Mama mmoja kijana alishuhudia kwamba kwenye harusi yake mzee alimwambia atajuta.

"Umejuta?" mzee aliuliza.

"Tumeachana!"

Watu walisimama wakapiga makofi. Mama wa kushoto kwangu alilia kwa raha akajifuta kwa kitambaa cha kiti. Mmoja baada ya mwingine walikuja, wakamsifu kama marehemu, tena mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na mwenyewe akawakaribisha na kuwakatiza, akawaambia hotuba zao ndefu, mavazi yao yamebana, kumbukumbu zao mbovu. Nilitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa unashuka tumboni, unatafuta kifungo cha chini cha koti ambalo halikuwepo. Kule kwenye kona, fundi mwenye fulana aliuona mkono ule, akamwinulia dole gumba: sauti safi kabisa, mzee.

Kisha mwenyekiti akapanda jukwaani. Pazia likavutwa. Palipokuwa pameandikwa KWAHERI, kitambaa kingine kilishuka chenye maandishi ya dhahabu: HUTOKI. Katibu alikuja na sinia, juu yake ufunguo umefungwa utepe.

"Ndugu zangu, leo hatuagi mtu!" mwenyekiti alinguruma, akaeleza habari ya nyumba, mlango kwa mlango na ukumbi. Watu wakaruka. Viti vikaanguka. Mzee aliushika ufunguo, akangoja watulie.

"Sitaki nyumba," alisema.

Wakacheka.

"Sitaki kukaa hapa. Nimewachoka. Nimewachoka tangu siku ya kwanza."

Kicheko kilipanda. Mama wa kulia kwangu alinipiga kiwiko, "Unasikia? Unasikia?"

"Mkinicheka naumia."

Sijui nieleze vipi sauti iliyotoka pale. Nimewahi kuwa karibu na maporomoko ya maji. Yalikuwa na staha zaidi. Mzee alisimama katikati ya kelele ile, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ameshindwa. Alikuwa na silaha moja tu maisha yake yote, ukali wake, na wao walikuwa wameigeuza kuwa njuga. Angeweza kuwatukania wazazi wao, wangeomba arudie. Aliangalia ufunguo kiganjani mwake. Nikadhani ataingiza mfukoni, atasema mojawapo ya yale maneno yake, na kesho atahamia mlango kwa mlango na ukumbi.

Badala yake aligeukia kona ya mitambo, akanyoosha kidole, taratibu.

"Pale palikuwa na mtu," alisema. "Shemeji yangu. Mnamkumbuka."

Baadhi walishaanza kutabasamu, wakijiandaa.

"Siku niliyomzika mke wangu mlicheka. Sisemi mlikuwa wabaya. Yeye alisimama mbele yangu nisiwaone. Tangu siku ile, kila nilipochoka alinizimia sauti, nipumzike. Mkamzomea. Mkamwambia akauze nyanya. Aliwaacha mmwone mjinga, ili mimi nikae kidogo nyuma ya pazia nikiwa mtu wa kawaida. Hakuniambia hata siku moja kwamba inamuuma."

Aliugeuza ufunguo kiganjani. Hakuwa anatafuta athari. Alikuwa anatafuta neno.

"Mtu anayekujua kweli unamzoea. Unamzoea kama unavyozoea kupumua. Nimewashukuru watu wengi kwenye maiki hii, wafadhili, wapishi, wenye magari. Yeye sikuwahi. Asante, shemeji. Sikuwahi kusema, na hapa nasema kwa mazoezi tu. Nakwenda kumwambia mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Alicheka peke yake, kicheko kikatembea hatua mbili kikakosa mwenzake, kikarudi. Halafu ukumbi mzima ukabaki umeshika pumzi. Hawakuwa wamejuta, nisiwapambe. Walikuwa wamepotea. Miaka yote walimjua kwa matusi yake, na sasa amesema maneno mengi mfululizo bila kumtukana mtu, hawakuona pa kutundika kicheko. Neno asante, likitoka kwenye mdomo ule, liliwatisha kuliko laana.

Mzee aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenyekiti, akamkunja vidole vyake kimoja kimoja, kama unavyomfungia mtoto hela ya dukani. Akaweka maiki juu ya meza. Akainama, akachukua mkoba.

"Kaka," mwenyekiti alisema, bila maiki, na sauti yake haikufika mbali. "Na chakula?"

"Kuleni."

Akashika njia ya katikati. Hakuharakisha. Watu walivuta magoti yao kumpisha, na hakuna aliyemgusa bega. Nilitaka kuinuka nimsindikize walau mpaka kituoni, lakini mama zangu wawili hawakusogea, na mkoba wa mmoja ulikuwa juu ya miguu yangu. Labda ni afadhali. Hakuwa ameomba kusindikizwa, na kunifahamu siku nne si kunifahamu.

"Ni kweli?" katibu aliniuliza kutoka mstari wa mbele, amegeuka nusu, simu imelala kifuani. "Ile mitambo ilikuwa inazimwa?"

"Ilikuwa inazimwa."

Akafikiri. "Tulimpa birika," alisema. Kisha, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza, "Lilikuwa birika zuri."

Nikageukia dirishani. Alikuwa ameshavuka barabara, anapita mbele ya maduka yaliyofungwa, mkoba umemvuta bega moja chini. Nje hakuna aliyejua kilichotokea ndani. Mwanamume mmoja aliyepanda juu ya ngazi akipaka rangi ubao wa duka alimwona, akainua brashi yake.

"Kicheko! Kicheko wee! Tupe moja!"

Mzee hakugeuka. Hakujizuia kugeuka, hapana, ningeiona shingo ikikaza. Aliendelea kutembea kama mtu anayesikia mwenzake akiitwa, wala halimhusu. Yule wa ngazini aliita tena, akatazama huku na huku kuona kama amefananisha, akarudi kwenye ubao wake. Mzee akakunja kona ya kituo cha mabasi.

Ndani, sahani zilikuwa zimeanza kugongana upande wa jikoni, na mwenyekiti, ufunguo bado uko ngumini, alikuwa anazunguka meza ya mbele akiuliza kwa sauti ya chini, mtu mmoja baada ya mwingine, sasa nani atafunga shughuli.